Uchawi Umeandikwa Hivyo Kweli? Majibu kwa wachezaji wa Dungeons & Dragons

Kwa mgeni: huu ni mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi, ambapo kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anaendesha dunia na maadui, na dadu huamua. Barua za mwezi huu karibu zote ni kesi. Mchezaji anashikilia kwamba uchawi wake unaweza, msimamizi wa meza anasema hauwezi, na chai inapoa. Najibu kwa kufuata toleo la tano la mchezo, maana ndilo mnaloniulizia. Pale kitabu chake cha sheria cha 2014 na kile cha 2024 vinapotofautiana, nitasema.

Nina uchawi wa daraja la kwanza wa kuumba maji. Nikiyaumba ndani ya mapafu ya adui, si atakufa maji papo hapo? Msimamizi wetu amekataa katakata. (Kondele, Kisumu)

Amefanya vizuri kukataa. Uchawi huo unakupa hadi galoni 10 za maji safi, ndani ya umbali wa futi 30, kwenye chombo kilicho wazi. Hizo ni kama lita 38, yaani karibu mitungi miwili ile ya manjano ya lita 20. Mapafu si chombo, na hata ukishikilia kwamba ni chombo, hayako wazi.

Kesi ingeishia hapo, lakini watu wa Kondele nawajua, hamkubali kushindwa na sentensi moja. Basi tutazame bei. Katika mchezo huu, kumuua kiumbe papo hapo bila kumpa nafasi ya kutupa dadu ya kujiokoa ni kazi ya uchawi wa daraja la tisa, na hata huo unamuua tu aliyebaki na pointi 100 za uhai au chini yake. Ukiona tafsiri yako inaupa uchawi wa daraja la kwanza nguvu za daraja la tisa, ujue kasoro iko kwenye tafsiri. Wenzetu wa Pathfinder, mchezo ndugu wa huu, katika toleo lao la pili la 2019, wameiandika kabisa kama kanuni: maneno yakisomeka kwa namna mbili, na namna moja ni tamu kupita kiasi, kuna uwezekano mkubwa kwamba siyo hiyo.

Halafu kuna swali linalomaliza ubishi upesi zaidi. Uko tayari mganga wa magoblini akufanyie wewe vivyo hivyo, raundi ya kwanza, kabla hujatupa dadu hata moja? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ukimuuliza mchezaji hivyo, mara nyingi hoja inarudi mfukoni yenyewe.

Na usiudharau uchawi wako. Unaweza pia kuyaangusha maji kama mvua juu ya eneo la futi 30 kila upande na kuzima moto ulio wazi.

Mchezo wetu uko kwenye mji wa wavuvi tuliouiga Dunga. Nilimroga mlinzi wa gati kwa uchawi wa Pendekezo: "Joto limezidi, nenda ukaoge ziwani." Ilikuwa usiku. Msimamizi akasema kuna viboko, kwa hiyo uchawi umevunjika. Nimeonewa? (Nyalenda, Kisumu)

Hii ndiyo barua iliyonifurahisha kuliko zote, na jibu lake halitoki kwa neno moja.

Kitabu cha 2014 kinataka pendekezo lisikike kuwa la busara, na kinasema ukimwambia mtu ajichome kisu, ajirushe kwenye mkuki, ajitie moto au afanye jambo jingine lenye madhara ya wazi, uchawi unaisha. Cha 2024 kimebana zaidi: maneno yasizidi 25, jambo lenyewe lionekane linawezekana, na lisiwe la kumletea mlengwa au wenzake madhara yaliyo dhahiri. Sasa, dhahiri kwa nani? Kwa mchezaji? Kwa msimamizi, mwenye ramani yenye viboko vinne vilivyochorwa kwa kalamu nyekundu? Kitabu hakisemi.

Mimi napima kwa macho ya anayerogwa. Mlinzi aliyezaliwa ufukweni anajua kwamba usiku viboko hutoka majini kwenda kula majani, na kwamba kukutana na kiboko njiani ni balaa. Kwake yeye, kwenda kuoga saa hiyo ni sawa na kujirusha kwenye mkuki, kwa hiyo msimamizi wako yuko sawa. Lakini kama mlinzi huyo ni askari aliyehamishwa juzi kutoka milimani, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya beseni, pendekezo linasimama. Ataenda, na yatakayompata huko ni hadithi nyingine. Kwa hiyo swali ulilopaswa kuuliza kabla ya kuroga ni "Huyu ni mwenyeji?" Msimamizi naye alipaswa kukupa jibu, au angalau kukuruhusu utupe dadu ulikisie kwa lafudhi yake.

Mambo mawili ambayo hukuuliza lakini yatakufikia. Lazima mlengwa akusikie na aielewe lugha yako. Mlinzi asiyejua Kijumla, lugha ya wote mjini, hageuki kwa ishara za mikono. Na uchawi huu una maneno ya kutamka na vifaa vya kushika, kwa hiyo mlinzi wa pili aliyesimama pembeni amekuona ukiroga. Wachezaji husahau sana mlinzi wa pili.

Nikiwa msimamizi ningekuachia umwambie hivi: "Mkubwa wako anakuita pale sokoni, mimi nitakushikia lango." Hakuna kiboko, na lango limebaki wazi.

Nikiwa sionekani kwa uchawi, nikamwamuru mbwa wangu amng'ate mtu, je, kutoonekana kunaisha? (Kakamega)

Hapana. Kwa kitabu cha 2014 kunaisha ukishambulia wewe mwenyewe au ukiroga. Cha 2024 kimeongeza kwamba kunaisha pia ukisababisha madhara, na hapo ndipo watu wa kumwaga mafuta ya moto na kukata kamba za taa walipofungiwa mlango. Aliyeng'ata ni mbwa.

Ila kutoonekana si kutosikika. Usipotumia tendo lako kujificha, maadui wanajua upo wapi kwa vishindo vya miguu yako. Watakushambulia kwa shida, lakini watakushambulia.

Sisi ni wanafunzi wa Egerton. Tukicheza, msimamizi anasema, "Mchawi anaroga, mnazuia au hamzuii?" bila kutaja ni uchawi gani. Tunapoteza nafasi zetu chache za kuroga uchawi wa daraja la tatu kuzuia taa za mapambo. Ni haki? (Njoro)

Ni haki, ingawa mimi siendeshi meza yangu hivyo.

Uchawi wa Kuzuia unataka umwone mtu anayeroga, awe ndani ya futi 60. Hausemi kwamba unajua anaroga nini. Kitabu cha nyongeza cha 2017 kilileta njia ya kuutambua uchawi unaporogwa, lakini kuutambua kunakula tendo lako la kujibu (lile la ghafla, nje ya zamu yako), na Kuzuia nako kunataka tendo hilo hilo. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili. Mnaweza kugawana kazi, mmoja atambue na kupiga kelele, mwenzake azuie, ikiwa msimamizi anakubali kelele hizo ziwahi.

Mimi huutaja uchawi kwa jina. Sababu yangu ni ya kivivu: kuficha kunachelewesha. Kila zamu ya mchawi inageuka mnada wa macho, huyu anamtazama msimamizi usoni, yule anahesabu dadu alizoshika. Lakini ukiamua kuficha, ficha pande zote. Mchezaji naye aseme tu "naroga", na msimamizi aamue kama adui atazuia kabla hajasikia jina. Msimamizi anayeficha uchawi wake kisha anasubiri kusikia wa kwenu ndipo azuie, huyo ni refa aliyevaa jezi ya timu moja.

Mkihamia kitabu cha 2024, maumivu yatapungua upande mwingine. Anayezuiwa hutupa dadu ya kujiokoa ya Uimara wa mwili, na akishindwa uchawi wake unapotea lakini nafasi yake haitumiki.

Kumbukeni pia hesabu ya umbali. Uchawi wa Mpira wa Moto unafika futi 150, Kuzuia kunafika 60. Anayesimama futi 70 kutoka kwenu anawachoma bila wasiwasi.

Mpira wa Moto ukilipukia ndani ya nyumba ya makuti na mafunjo, hazina iliyomo inaungua? (Lanet, Nakuru)

Vitu vinavyoshika moto ambavyo havijavaliwa wala kubebwa vinawaka. Mikeka, paa na magunia yaliyo sakafuni vinateketea. Hati iliyo mfukoni mwa mfanyabiashara inabaki nzima hata kama mwenyewe amekula madhara ya dadu nane za pande sita. Si mantiki ya dunia hii, lakini ndivyo kilivyoandika kitabu, na bila hivyo hakuna mchezaji angebaki na nguo.

Kuna mzee atakuambia moto ukizidi chumba utarudi kuwachoma nyie wenyewe. Hadanganyi, ila anakumbuka toleo la zamani, ambapo mlipuko ulijaza takriban futi za ujazo 33,000 na kutafuta pa kwenda ukikosa nafasi. Toleo la tano halina hesabu hiyo. Ni duara la futi 20 kutoka katikati.

Tulibishana juu ya uchawi mmoja hadi stima ikapotea. Mwenzetu alileta jibu la mbunifu wa mchezo kutoka mtandaoni, msimamizi akalikataa. Nani mkubwa? (Bungoma)

Kwenye meza yenu, msimamizi. Majibu rasmi ya wenye mchezo, Wizards of the Coast, hukusanywa katika waraka wao uitwao Sage Advice. Anachoandika mbunifu kwenye ukurasa wake ni ushauri wa mtu anayejua sana, basi.

Ninalowaomba wasimamizi ni kasi. Someni maandishi ya uchawi kwa sauti, yote, maana nusu ya kesi hufa hapo. Kama bado mna shaka, msimamizi aamue, mchezo uendelee, na uamuzi ubaki hivyo hadi mwisho wa siku hiyo hata kama mtu amepata ukurasa unaoupinga. Kikao kijacho kianze kwa kutangaza sheria itakuwa ipi. Uamuzi ukibadilika katikati ya pigano, aliyekufa kwa sheria ya kwanza hatamsamehe aliyepona kwa ya pili.

Nimeandika uchawi wangu wa daraja la pili, Mkimbiaji wa Usiku: "Unakimbia usiku bila kuchoka, kila anayekusikia anaogopa, na hakuna anayeweza kukushika." Msimamizi anasema hauna kichwa wala miguu. (Bondo)

Wazo ni zuri sana. Jajuok, mkimbiaji wa usiku wa Waluo, ana haki ya kuingia kwenye mchezo huu kuliko majoka mengi. Ila msimamizi wako hajakosea, sentensi yako ina uchawi wa namna tatu ndani yake.

Kuongeza mwendo kwa futi 10 kwa saa nzima ni uchawi wa daraja la kwanza. Kuogofya watu wengi kwa mpigo ni daraja la tatu. Kuchoropoka kila unaposhikwa ni daraja la nne. Huwezi kulipia vyote kwa nafasi moja ya daraja la pili, kwa hiyo chagua. Na "kila anayekusikia" ni wangapi? Usiku wa Bondo umetulia, utasikika hadi kijiji cha pili.

Kuna tundu jingine lililojificha. Kwa sheria za mchezo, mwenye woga hupata shida kwenye dadu zake pale tu anapokiona kinachomtisha. Mkimbiaji wako anatisha watu waliolala ndani, milango imefungwa. Hawakuoni. Ukiandika tu "anaogopa", watakachozuiwa ni kukusogelea, na wataendelea kukurushia mishale dirishani bila tatizo. Ilibidi uandike woga wenyewe unafanya nini.

Jaribu hivi. Daraja la pili, tendo moja, unajiroga mwenyewe, unadumu saa moja kwa umakini, yaani mradi umakini wako haujavunjwa. Mwendo wako unaongezeka futi 10. Ukiwa gizani unaweza, kama tendo, kurusha kokoto juu ya paa la nyumba moja iliyo ndani ya futi 60. Kila kiumbe kilicho ndani ya nyumba hiyo kinatupa dadu ya kujiokoa ya Hekima. Kikishindwa, hakiwezi kutoka nje kwa hiari yake hadi mwisho wa zamu yako ijayo. Kikifaulu, hakiguswi tena na kokoto zako hadi uchawi uishe. Uchawi unaisha ukishambulia, ukisababisha madhara, au ukiingia kwenye mwanga mkali.

Kushikwa nimekuacha ushikwe. Mkimbiaji asiyeweza kukamatwa hana la kukimbilia.

Wape wenzako kwa vikao viwili hivi, na adui mmoja awe nao pia. Mtu akipata mwanya nisiouona, niandikie.

Vitabu ni ghali. Naweza kusoma wapi sheria za uchawi bila kununua? (Webuye)

Tafuta waraka wa sheria za msingi uitwao SRD 5.1. Tangu Januari 2023 umetolewa kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo kuupakua, kuuchapisha na kuugawa ni halali. Hauna uchawi wote, na majina ya wachawi mashuhuri yameondolewa: kile kibanda cha kichawi cha Leomund utakikuta kikiwa kibanda tu. Kazi yake ni ile ile.