Bibi Cherehani Anajibu: Nirudi Kanisani na Suti ya Shemeji?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za nguo za kanisani. Nimechagua tatu. Wanaonifahamu wanajua niko kwenye cherehani hapa Moshi tangu 1974, nimeshona magauni ya kipaimara, sare za kwaya na kanzu za wachungaji, kwa hiyo najibu kama fundi. Mafundisho ya dini kamili muulizeni mchungaji wenu.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni dereva wa bodaboda. Jumapili moja nilimpeleka mama mmoja ibada ya saa moja, nikaona bora nami niingie, maana sikuwa nimekanyaga kanisani tangu Krismasi. Nilivaa jinzi, fulana na jaketi la kazini. Mzee wa zamu akanizuia mlangoni mbele za watu: "Ungeitwa Ikulu ungekwenda hivyo?" Nikarudi kijiweni. Mke wangu anasema mzee hakukosea, niazime suti ya shemeji. Nirudi na suti? Dereva, Morogoro*

Marahaba, mjukuu wangu. Suti ya shemeji iache kabatini kwake. Suti ya kuazima mimi naitambua kutoka ng'ambo ya barabara: mabega yamelala, mikono imefika kwenye vidole, na aliyeivaa anashinda ibada nzima akiogopa kuichafua.

Hiyo hoja ya Ikulu nimeisikia tangu nikiwa msichana, na siidharau. Kwetu nguo ni salamu. Hakuna anayekwenda kuposa na ndala, na msibani tunajifunga khanga hata kama kabatini kuna gauni la hariri. Mama yangu aliwasha pasi ya mkaa kila Jumamosi usiku, akanyoosha nguo zetu sote sita juu ya blanketi lililokunjwa mezani. Harufu ile ya mkaa na nguo mbichi mpaka leo kwangu ndiyo harufu ya Jumapili. Ila Ikulu huendi bila kuitwa, na getini kuna askari wa kukurudisha. Kanisani kengele inamwita kila mwenye masikio. Mzee wako amejipa kazi ya askari mahali ambapo nafasi hiyo haikutangazwa.

Tena Biblia inamfahamu. Soma Yakobo sura ya pili. Wanaingia watu wawili, mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine maskini mwenye mavazi mabovu. Wa kwanza anakaribishwa mahali pazuri, wa pili anaambiwa asimame pale au akae chini miguuni. Waliovaa hawakuambiwa neno juu ya nguo zao. Wanaokemewa ni waliopokea wageni. Wapo watakaokujibu kwa Mathayo 22, yule aliyetupwa nje kwa kukosa vazi la arusi. Waulize wageni wa arusi ile waliokotwa wapi. Njia panda, wabaya kwa wema, na mlangoni hakuna aliyezuiwa.

Na hii suti, nani aliipa cheo? Babu yangu alibatizwa na shuka jeupe. Baba yangu alikwenda ibadani na ile suti tuliyoiita Chou En-lai, kwa jina la waziri mkuu wa China aliyetutembelea mwaka 1965. Haina tai wala haitaki tai. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa, naye alijulikana kwa suti zisizo na tai. Hata kanzu nyeusi ya mchungaji wa Kilutheri, ambayo huwa nakata kwa heshima na mikono inatetemeka kwa bei ya kitambaa chake, ilikuwa joho la wasomi huko Ujerumani. Mfalme wa Prussia ndiye aliyeagiza mwaka 1811 ivaliwe na wachungaji, mahakimu na marabi. Kumbe nguo moja, ofisi tatu.

Basi fanya hivi. Jinzi ifue. Kama haijachanika magotini inatosha. (Iliyochanika kwa makusudi kiwandani, samahani vijana, mimi nikiiona mikono inaniwasha, natamani sindano.) Nenda mtumbani utafute shati moja, kola nzima, vifungo vyote, lining'inie nyuma ya mlango likingoja Jumapili. Jaketi la kazini livue ukifika, likunje, uliweke mapajani. Ibada ikiisha mfuate mzee yule pembeni, umwamkie, umwambie wewe ndiye wa siku ile. Mwambie mkiwa wawili tu, maana yeye alikwambia mbele za watu na unajua ilivyouma. Akikurudisha tena ukiwa umevaa hivyo, nenda moja kwa moja kwa mchungaji.

*Bibi, binti yangu wa chuo anataka kuja kanisani na suruali ya kitambaa. Baba yake anamsomea Kumbukumbu la Torati 22:5. Niwe upande wa nani? Mama, Arusha*

Andiko hilo linamkataza mwanamke mavazi ya mwanamume, na zama hizo wanaume wenyewe walivaa kanzu. Suruali zinazotajwa katika Kutoka 28 ni za kitani, za ndani, za kuwasitiri makuhani. Sasa mimi fundi nauliza: suruali ya binti imekatwa kwa mwili wa nani? Ya kike ina nyonga, kiuno kimebana, zipu mara nyingine iko ubavuni. Mwombe baba yake aijaribu, aone kama ni vazi la mwanamume.

Tumeshapita huku. Mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Nilikuwa msichana. Tuliteremsha mapindo, moto ukapoa, tukayapandisha. Wakatoliki nao waliandika katika sheria ya Kanisa ya 1917 kwamba mwanamke afunike kichwa kanisani. Sheria mpya ya 1983 haikulirudia sharti hilo, na bado akina mama wengi wanajifunga vilemba kwa kupenda kwao. Avae suruali isiyobana na blauzi inayoshuka chini ya nyonga. Siku ya kwenda kijijini kwa bibi yake abebe sketi, kwa ajili ya bibi.

*Shikamoo Bibi. Nimeimba kwaya miaka kumi na moja, sauti ya pili. Mwaka huu uongozi umepanga sare tatu: Pasaka, mavuno na Krismasi. Ya Pasaka nilikopa kwenye kikoba. Ya mavuno nimeshindwa, na mwenyekiti amesema nikae na waumini mpaka nitakapokamilisha. Nauza mboga. Nifanye nini? Mwanakwaya, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili, nikaiweka chini, nikanywa maji.

Watu wanabishana juu ya jinzi na raba. Katika miaka yangu hii, niliowaona wakiacha kuja kanisani kwa ajili ya nguo wengi walikuwa wanawake, tena waliovaa vizuri tu. Waliishindwa sare. Nami nilikula katika chungu hicho, kwa hiyo acha niseme yangu.

Mwaka 1996 nilipata kazi ya sare ya Pasaka ya kwaya moja, watu thelathini na wanane. Magauni ya kitenge cha bluu, kola nyeupe, marinda mbele. Kila mmoja alinunua kitambaa chake, na ushonaji ulikuwa shilingi 2,500. Mama mmoja, mjane, alimaliza pesa zake kwenye kitambaa. Ijumaa Kuu alikuja, hakuingia, akasimama kizingitini akiliangalia gauni lake kwenye msumari. Nikamwambia, pesa kwanza. Nilikuwa na ada za watoto, na nilijiambia nikimpa mmoja kwa mkopo, wote watasikia kabla ya jua kuzama.

Jumapili ya Pasaka nilikaa karibu na dirisha. Kwaya ikasimama, bluu tupu, nami nahesabu marinda yangu kwa fahari. Walipofika kwenye kiitikio nikasikia sauti ya pili inatokea nje. Nikageuka. Alikuwa chini ya mparachichi, amejifunga khanga, anaimba sehemu yake yote, hakosei hata mahali pamoja. Alikuwa amefanya mazoezi na wenzake tangu Januari.

Jumatatu nilimpelekea gauni nyumbani. Alilipokea kwa mikono miwili, akanipa chai. Sikuwahi kumwona amelivaa.

Kwa hiyo mwenyekiti wako siwezi kumtukana. Nilikuwa kama yeye, tena mimi nilishikilia gauni lenyewe. Anataka kwaya ipendeze, na kwaya ya rangi moja inapendeza kweli. Ila viongozi wa kwaya husikiliza hesabu kuliko machozi, basi mpelekee hesabu hii.

Pisi moja ya kitenge ni yadi sita, karibu mita tano na nusu. Upana wake ni mita moja na kidogo. Ukiikata vipande vya nusu mita unapata kumi na kimoja. Kila kipande ukigawa mara mbili kwa urefu, unapata skafu mbili za kufunga shingoni, za ukubwa wa kutosha hata mtu mnene. Pisi moja, skafu ishirini na mbili. Kwaya ya watu arobaini inamaliza kwa pisi mbili, na zinabaki nne za wageni. Chini yake kila mtu avae blauzi au shati jeupe na sketi au suruali nyeusi, vitu ambavyo mwanakwaya wa miaka kumi na moja hakosi nyumbani. Sikukuu ikibadilika, badilisheni skafu. Pesa ya pisi mbili mkigawana watu arobaini, muuza mboga hatakwenda kukopa kwenye kikoba.

Wanaume watalalamika kwamba skafu ni ya kike. Waonyesheni tai, kisha muwaulize ni nini kama si skafu nyembamba.

Usimwendee mwenyekiti peke yako. Mchukue mwalimu wa kwaya, kwa sababu yeye anajua sauti ya pili ikipungua mtu mmoja wimbo unavyochechemea. Wakikubali, nitumieni pisi hizo kwa basi. Nitazikata na kuzipinda mwenyewe, bila malipo, na za ziada nne nitazipinda kwanza.