Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho: apasuliwe au aanze dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 61, macho yamekuwa ya manjano na anajikuna usiku kucha. CT skani imeonyesha uvimbe wa sentimita 3 kwenye kichwa cha kongosho, "unagusa mshipa". Daktari mmoja anataka kumpasua, mwingine anataka aanze dawa za saratani. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Muulizeni kwanza huo mshipa ni upi, maana ripoti hiyo imeacha jambo lenyewe. Sentimita 3 hazimzuii mtu kupasuliwa. Uvimbe ukigusa vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) kidogo tu bila kuikunja, hupasuliwa moja kwa moja. Ukigusa ateri kuu ya utumbo (mshipa unaoupelekea utumbo damu), dawa hutangulia miezi kadhaa, kisha CT hurudiwa; ukiizunguka zaidi ya nusu, mara nyingi upasuaji hauwezekani. Dawa hazianzi kabla kinyama cha uvimbe hakijapimwa maabara, lakini kupasua kunaweza kufanyika bila kipimo hicho.

Msikimbilie stenti (kijibomba cha kufungua njia) ya mrija wa nyongo kwa sababu ya manjano peke yake. Huingiza bakteria na kuchafua picha za CT. Ina nafasi yake akiwa na homa, bilirubini (rangi ya manjano kwenye damu) ikizidi maikromoli 250 kwa lita, au dawa zikitangulia.

Upasuaji wenyewe huitwa Whipple. Huondolewa kichwa cha kongosho, duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kibofu cha nyongo na ncha ya mrija wake, pengine na kipande cha tumbo (mfuko wa chakula). Halafu utumbo huungwa mahali patatu: kwenye kongosho, kwenye mrija wa nyongo na kwenye tumbo. Kiungo cha kongosho ndicho kinachotunyima usingizi. Kongosho likiwa laini na mrija wake mwembamba, uzi hukata nyama kama unashona siagi, na maji yanayovuja humeng'enya kila yanachokigusa. Ndiyo maana siku ya 3 majimaji ya dreni (mpira wa kutoa majimaji tumboni) hupimwa amilezi, kimeng'enya cha kongosho. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida katika damu, dreni haitolewi. Tumbo nalo huweza kugoma kushusha chakula kwa wiki moja au zaidi. Inachosha, ila huisha.

(Uvimbe ungekuwa mkiani, angekatwa mkia pamoja na wengu, na chanjo za nimonia na uti wa mgongo zingetangulia wiki 2.)

Akirudi nyumbani, choo kikielea na kung'aa mafuta, anahitaji vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula. Avimeze na tonge la kwanza. Akisubiri mpaka amalize kula, chakula kimeshapita.