Jina la kwao bibi: namna ya kulitafuta katika kumbukumbu za kale za Virginia na Kentucky

Wanaoanza utafiti wa nasaba za Marekani, wakiwemo Waswahili waliooa au kuolewa huko na sasa wanawaandikia watoto ukoo wa upande wa pili, hukwama sana mahali pamoja: kwa mwanamke aliyeishi magharibi ya milima ya Appalachia kati ya 1775 na 1850. Anajulikana kuwa Nancy au Polly, mumewe anajulikana, watoto wanajulikana, lakini kwao ni wapi? Kwetu pwani Fatuma binti Juma hubaki binti Juma hata akiolewa mara tatu. Kule walifuata sheria ya Kiingereza: mwanamke akishaolewa alichukua jina la mume, na hakuweza kushtaki wala kuuza ardhi kwa jina lake peke yake. Ndiyo maana ukimsaka kwa jina lake unaambulia patupu.

Basi usimsake yeye. Tafuta pale mali ya baba yake ilipogawanywa, na tafuta siku serikali ilipomtaka athibitishe ndoa yake. Karani wa zamani aliandika jina la kwao mwanamke pale tu lilipogusa fedha au ardhi. Ukilishika hilo, utajua daftari gani la kufungua kwanza na lipi la kuacha.

Sensa ndiyo ya kwanza kukuangusha. Kuanzia 1790 hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine ni tarakimu kwenye safu za umri. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru kwa jina, umri na mahali alipozaliwa, lakini haisemi nani ni nani kwa nani; uhusiano na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa 1880. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 45 katika nyumba ya 1850 si lazima awe mama wa watoto wote waliomo. Anaweza kuwa mke wa pili. Lakini ukikuta humo bibi kizee mwenye jina la ukoo tofauti, simama hapo: mara nyingi ni mama yake mke. Sensa ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote ilipotea kufuatia moto wa 1921 mjini Washington.

Anza na watoto, wote, si yule tu unayetokana naye. Vyeti vya kifo vya jimbo zima vilianza Missouri mwaka 1910, Kentucky 1911, Virginia 1912 na North Carolina 1913, na fomu ina nafasi ya jina la kwao mama wa marehemu. Mtoto wa mwisho aliyezaliwa 1828 na kufariki 1913 akiwa na miaka 85 anakupa jina la kwao mama aliyezaliwa karibu na 1785. Hakuna njia fupi kuliko hiyo, na wengi huipita kwa sababu babu yao wenyewe alikufa 1870. Kentucky ilijaribu kusajili vizazi na vifo mapema pia, kuanzia 1852 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Virginia kuanzia 1853. Yaangalie madaftari hayo hata kama yana mapengo.

Ila cheti cha kifo ni ushahidi wa mtu aliyekitolea habari, si wa marehemu. Soma jina la mtoa habari, chini ya majina ya wazazi. Kama ni mkwe au mjukuu, huenda hakumwona bibi huyo maishani mwake. Kosa la kawaida ni kutaja jina la kwao mke wa marehemu badala ya la kwao mama yake. Ndiyo sababu ya kutafuta vyeti vya ndugu wote: vyeti vitatu vyenye watoa habari watatu wa nyumba mbalimbali vina uzito, na kimoja ni fununu.

Sasa hati ya dhamana ya ndoa. Virginia na Kentucky, bwana harusi na mdhamini wake walikwenda kwa karani wa kaunti, kwa kawaida kaunti ya bibi harusi, wakajifunga kulipa pauni 50 iwapo ingegundulika kizuizi cha kisheria. Hati hiyo haithibitishi kwamba ndoa ilifungwa. Kinachothibitisha ni orodha ambayo mchungaji aliirudisha kwa karani. Bibi harusi akiwa chini ya miaka 21, baba au mlezi aliandika ridhaa, kikaratasi kidogo tu, mara nyingi kikiwa na majina ya mashahidi wawili. Vitabu vilivyochapishwa vya ndoa za kaunti huwa vinaacha kikaratasi hicho na kuacha jina la mdhamini. Kwa hiyo usiridhike na kitabu. Fungua picha ya hati yenyewe, kisha geuza upande wa nyuma.

Mfano wa kubuni utaonyesha mtego ulipo. Tuseme hati ya 1801 katika kaunti ya Madison, Kentucky, inamtaja William Harris na Nancy Tate, mdhamini Robert Bell, na hakuna ridhaa ya mzazi. Halafu cheti cha kifo cha mtoto wao, cha 1912, kinasema mama ni Nancy Bell. Anayeanza huchagua moja, akaitupa nyingine. Ngoja kwanza. Kukosekana kwa ridhaa kunaonyesha kwamba Nancy alikuwa ametimiza miaka 21, au alikuwa mjane. Nenda kwenye orodha za kodi, ambazo Virginia ilizianza 1782 na Kentucky ikaziendeleza mwaka hadi mwaka. Soma kila mwaka kuanzia 1795. Ukiona James Tate analipa kodi hadi 1798, kisha 1799 na 1800 anayelipa ni Nancy Tate, umepata jibu la nusu ya kwanza, kwa kuwa mwanamke aliyetozwa kodi kwa jina lake karibu siku zote ni mjane. Tate ni jina la mume wa kwanza.

Nusu ya pili iko mahakamani. Mjane huyo alikuwa na mirathi ya kusimamia, na akiolewa tena mume mpya aliingia naye kwenye hesabu. Katika daftari la amri za mahakama la 1801 au 1802 utakuta maneno ya namna hii: William Harris na Nancy mkewe, zamani Nancy Tate, msimamizi wa mali ya James Tate. Usitishike na neno la Kiingereza late mbele ya jina. Hapo maana yake si kwamba amekufa, bali kwamba aliitwa hivyo zamani. Kisha mgeukie Robert Bell, mdhamini wa 1801. Mdhamini wa mjane mara nyingi ni kaka yake. Fuata Bell wote wa kaunti hiyo, tafuta walikotoka Virginia, soma wosia na migao ya mirathi ya huko hadi miaka thelathini au arobaini baada ya ndoa. Wosia wa Bell mmoja ukimtaja binti yangu Nancy Harris aliyeko Kentucky, majina mawili yaliyokuwa yanapigana yamepatana, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

Hizo kumbukumbu za mirathi na ardhi ndizo zenye kina kirefu zaidi, kwa hiyo tulia nazo. Kuanzia 1787, baba akifa bila wosia, ardhi ilikwenda kwa watoto wote, na ili iuzwe kila binti alitia sahihi pamoja na mumewe. Hati ya mauzo yenye wanandoa watatu au wanne wakiuza kwa pamoja kipande kimoja cha ardhi ni hati ya warithi, hata kama neno warithi halimo. Tatizo ni kuipata. Faharasa ya wauzaji huandika muuzaji wa kwanza tu, kisha et al., yaani na wengine. Kama wa kwanza ni James Bell, ukitafuta Harris hutaiona kamwe. Tafuta pia chini ya jina la mtu kufuatiwa na neno heirs, yaani warithi.

Ishara nyingine ni hati ya uwakilishi. Mume aliyehamia Kentucky hakuweza kurudi kirahisi kudai fungu la mkewe, basi alimpa shemeji au jirani anayesafiri mamlaka ya kulipokea, na karani akainakili kwenye daftari la hati za ardhi. Humo hutajwa marehemu ni nani, kaunti gani, na mke ni nani kwake. Vilevile, mahakama ikimteua baba aliye hai kuwa mlezi wa watoto wake mwenyewe, jiulize kwa nini. Baba hahitaji kuteuliwa kuwalea wanawe, isipokuwa wamepata mali, na mali hiyo kwa kawaida imetoka kwa babu yao mzaa mama.

Warithi wakigombana, kesi ilikwenda mahakama ya usawa (chancery), na huko ilibidi kila mrithi atajwe, hata aliyehamia mbali. Maktaba ya Virginia, Richmond, ina faharasa ya kesi hizo mtandaoni bila malipo, na kwa kaunti nyingi kuna picha za majalada yenyewe. Soma jalada zima pamoja na viapo, maana jina mara nyingi liko kwenye ushahidi wa jirani mzee, wala si kwenye kichwa cha kesi.

Halafu pensheni. Wajane wa askari wa vita vya uhuru waliruhusiwa hatua kwa hatua: sheria ya 1836 kwa walioolewa kabla askari hajamaliza utumishi, ya 1838 kwa walioolewa kabla ya 1794, ya 1848 kabla ya 1800, na ya 1853 ikaondoa mpaka wa tarehe. Mjane alipaswa kuthibitisha ndoa, na kama daftari la kaunti halikuwepo alileta viapo vya ndugu, hata kurasa zilizochanwa kutoka Biblia ya familia. Zimo mpaka leo kwenye majalada ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, mkusanyo M804. Herufi W ni mjane, S ni askari aliyepewa mwenyewe, R ni ombi lililokataliwa. Usiziruke R: aliyekataliwa aliendelea kuleta ushahidi miaka na miaka, kwa hiyo jalada lake laweza kuwa nene kuliko la aliyekubaliwa. Kwa kizazi cha baadaye, fomu ambayo ofisi ya pensheni iliwatumia maaskari wa zamani mwaka 1898 iliuliza waziwazi jina la mke kabla ya kuolewa, na lini, wapi, na nani aliyewafungisha ndoa.

Kanisani matokeo hutegemea dhehebu. Wabaptisti hawabatizi wachanga, kwa hiyo usitarajie majina ya wazazi. Lakini kumbukumbu za vikao zinaonyesha nani alipokewa kwa barua kutoka kanisa gani, na hivyo familia ilikotoka. Walutheri na Wareformati waliandika wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi mjomba au mama mdogo. Waquaker ndio bora kuliko wote: binti akiolewa na mtu wa nje ya jumuiya aliitwa kikaoni, na karani akaandika jina lake jipya pamoja na la zamani.

Kabla ya kusema jina halimo, hakikisha unasoma vizuri. Herufi s ya zamani ilikuwa ndefu kama f, kwa hiyo Rofs ni Ross na Jefse ni Jesse. Herufi kubwa L, S na T huchanganywa, J na I ziliandikwa sawa. Bell aweza kuwa Beall, Tate kuwa Tait au Teat. Wajerumani wa bonde la Shenandoah walitafsiriwa: Zimmermann akawa Carpenter, Schwarz akawa Black. Na majina ya utani ni desturi: Polly ni Mary, Sally ni Sarah, Patsy ni Martha, Peggy ni Margaret, Nancy huweza kuwa Ann. Angalia mipaka pia. Kaunti ya Kentucky ilimegwa kutoka Fincastle ya Virginia mwishoni mwa 1776, ikagawanywa Fayette, Jefferson na Lincoln mwaka 1780, na leo jimbo lina kaunti 120. Familia iliyokaa shamba moja kwa miaka ishirini yaweza kuwa na hati katika makao makuu ya kaunti tatu.

Kwa familia za Waafrika waliokuwa utumwani njia hubadilika, kwa sababu ndoa zao hazikutambuliwa kisheria na orodha za watumwa za sensa za 1850 na 1860 ziliandika umri na jinsia chini ya jina la mmiliki. Anza na sensa ya 1870, daftari za Virginia za 1866 zilizosajili ndoa zilizokuwapo, na za Benki ya Akiba ya Waliokombolewa, 1865 hadi 1874, ambazo ziliuliza majina ya wazazi na ndugu. Na huku nyuma, jina la kwao mke wa mmiliki ni muhimu kupita kiasi: watu wengi waliondolewa kwa wazazi wao wakapewa binti wa mwenye shamba alipoolewa. Ukimpata baba wa huyo binti, wosia wake na hesabu ya mali yake ndipo yanapoweza kuwemo majina ya mama na dada waliobaki nyuma.

Tangu 2024 tovuti ya nasaba ya FamilySearch ina utafutaji unaosoma miandiko ya zamani kwa mashine katika hati za ardhi na mirathi, na akaunti ni bure. Andika jina la mume pamoja na la mke, kisha jaribu tena na late au formerly (zamani), ukibana kaunti na miaka. Mashine hukosea herufi, hivyo tafuta kila tahajia. Miti ya ukoo ya watu wengine itumie kupata wazo la mahali pa kuchimba tu. Miti mia yenye jina moja bila hati ni nakala mia za dhana ya mtu mmoja.

Kama ushahidi bado haujatosha, acha nafasi ya jina la ukoo wazi kwenye mti wako. Kwenye maelezo andika jina unalolishuku, hati zinazoliunga mkono, zinazolipinga, na daftari ambazo hujazisoma, kwa kaunti, aina na miaka. Ukishalijaza tu, watu watalinakili wiki hiyohiyo, na hutaweza kulirudisha tena.