Zanzibar ya Freddie Mercury, mkiwa wawili na mshabiki ni mmoja

Kama mmoja wenu anampenda Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, na mwingine anavumilia tu magitaa sebuleni, nendeni Zanzibar. Ndivyo tulivyo sisi hapa Lang'ata, Nairobi. Mume wangu amekulia kwenye Queen, kanda za kaka yake. Mimi nimekulia kwenye taarabu ya mama, redio ikiwa juu ya kabati. Kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa na muziki wake na saa zake za kuupiga. Mji Mkongwe una mizizi ya pande zote mbili, na kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo wa miguu. Ushauri wangu wote unatokana na hilo: mpeni Freddie asubuhi yake, kisha siku zilizobaki mwachieni yule ambaye si mshabiki aongoze.

Mshabiki anahitaji kuambiwa ukweli kabla ya kununua tiketi. Freddie alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta waliotoka Gujarat, na baba yake alikuwa keshia mahakamani chini ya serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Kwa hiyo Zanzibar ilimpata utotoni, ikampata tena kwa muda mfupi wa ujana, basi. Nyimbo zilizompa jina zilitungwa kwingine. Anayetarajia mji uliojaa nyayo zake atachoka kufikia saa sita mchana, na mwenzake atakuwa amechoka tangu saa nne.

Makumbusho yake yapo Shangani, yalifunguliwa Novemba 2019. Ni madogo na yametengenezwa kwa heshima. Picha za familia ndizo zilizonishika mimi nisiye mshabiki: mtoto wa Kizanzibari na wazazi wake, kabla dunia haijamjua. Nendeni mapema asubuhi, kabla ya vikundi vya watalii kujaa, na msikimbie. Kwa wengi saa moja inatosha. Kwa mshabiki mpeni mbili, naye msimsindikize kwa kutazama saa. Huko nje mtaonyeshwa nyumba zaidi ya moja, kila moja ikisemwa ndiyo aliyokulia. Msigombane na mtu juu ya hilo. Pigeni picha mahali panapowapendeza, mwendelee na safari.

Jambo moja la adabu hapa. Si kila Mzanzibari anafurahia jina la Freddie kubandikwa kwenye mji wake. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na jumuiya moja ya Kiislamu visiwani. Mzee aliyeketi barazani akinyamaza mkimtajia Freddie, mbadilishe mazungumzo. Muulizeni kuhusu Siti.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wasafiri wengi kutoka Nairobi wanapita bila kusikia jina hili. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa kijiji cha Fumba mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa 1873, miaka michache tu kabla, na utumwa wenyewe ulikuja kupigwa marufuku 1897, yeye akiwa msichana. Alianza kwa kubeba vyungu kutoka shamba na kuvinadi kwa sauti mjini. Sauti hiyo hiyo ikamfikisha Bombay mwaka 1928, akarekodi santuri zilizosikika pwani yote ya Afrika Mashariki. Taarabu ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za watu wa kawaida na dhuluma walizofanyiwa. Shaaban Robert alimwandikia kitabu kizima cha wasifu. Mume wangu alikisoma kabla hatujaondoka, nami kwa upande wangu nikakaa naye kutazama onyesho la Queen pale Wembley, Julai 1985, lile la dakika 20 hivi ambalo watu hawaachi kulizungumzia. Fanyeni mabadilishano ya namna hiyo nyumbani. Ni bure, na mtafika mkiwa na maswali.

Tukiwa kule Zanzibar nilimwona mume wangu akielewa kitu ambacho nisingeweza kumweleza. Freddie alisimama mbele ya uwanja akaurusha mstari, watu maelfu wakaurudisha. Kwenye taarabu hadhira nayo haikai kimya. Mtu anasikia beti limemgusa, ananyanyuka, anakwenda mbele akicheza polepole na noti mkononi, anamtunza mwimbaji. Wakati mwingine anamwangalia mtu fulani ukumbini, na wote wanajua beti hilo linamwendea nani. Kwa hiyo bebeni noti ndogo ndogo za Tanzania. Msitunze kwa sababu ya picha. Subirini mstari unaowahusu, na kama mmegombana barabarani siku hiyo, hakika utakuja.

Taarabu ya jukwaani huipati kila usiku, hivyo ulizeni mapema, siku ile ile mnayofika. Ikhwani Safaa ni kikundi cha tangu 1905, na Culture Musical Club cha tangu 1958. Kuna pia chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa 2002, ambako vijana wanajifunza kupiga udi, qanuni na ngoma. Wanafunzi na walimu wake hupiga maonyesho mjini. Hoteli kadhaa zina wapigaji juu ya paa wakati wa chakula cha jioni. Ni pazuri kwa wawili, ila bei ni za watalii. Mimi ningelipa jioni moja ya paa na nyingine zote ningetafuta mahali wenyeji wanapokwenda. Mwenye nyumba ya wageni anajua. Mwamkieni kwanza, mwulizeni hali, kisha ndipo mwulize habari za muziki. Haraka yetu ya Nairobi ya kuanza na swali haifunguliwi milango kule.

Bi Kidude naye msimsahau. Mwimbaji huyu, jina lake halisi Fatuma binti Baraka, aliimba hadi uzeeni kabisa, akapiga ngoma za unyago, akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, akafariki Aprili 2013. Ukitaka kumwelewa vizuri, vuka kutoka Mji Mkongwe uingie Ng'ambo, mitaa ya watu wengi ambako ngoma hizi zilikuwa zikichezwa harusini. Jang'ombe, ile ya muhogo katika wimbo aliouimba sana, ni mtaa halisi. Sisi tulitembea huko alasiri bila mpango wowote, tukanunua maandazi, tukarudi.

Asubuhi ya Mkunazini iwekeni peke yake. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na baada ya kusoma habari za Siti mtaliona kwa macho mengine. Msipange chakula cha mahaba saa moja baadaye. Tembeeni tu, halafu kunyweni kahawa kwenye kijiwe cha Jaws Corner, ambako wazee wanacheza dhumna na kubishana siasa.

Laleni ndani ya Mji Mkongwe: Shangani, Hurumzi, Kiponda, Malindi, popote mtakaposikia adhana na kelele za watoto. Wanairobi wengi hukimbilia fukwe za Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, moja kwa moja, wakaja mjini alasiri moja kwa teksi, wakaondoka kabla ya magharibi. Wanaukosa mji wakati unapoamka. Bahari ipo, haiendi popote. Wekeni Nungwi mwishoni kama likizo inaruhusu. Vichochoroni gari haliingii, kwa hiyo begi liwe jepesi na viatu viwe vya kutembea. Mabega na magoti yafunikwe. Kushikana mikono hakuna atakayewasema, ila kubusiana mtaani msifanye.

Chakula sitakisemea sana. Urojo mchana, mkahawa wa Lukmaan pale Mkunazini kwa wali na samaki, na bustani ya Forodhani baada ya magharibi kwa mishikaki, pweza na juisi ya miwa. Forodhani ulizeni bei kabla samaki hajawekwa motoni.

Kuhusu kufika: kutoka JKIA, Nairobi, kuna ndege za moja kwa moja na safari haifiki saa mbili. Mkenya hahitaji viza, lakini beba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana wanakiomba. Njia ya bei nafuu ni basi hadi Dar es Salaam kisha boti, saa mbili hivi baharini. Kwa likizo fupi ya wawili ningelipia ndege na kubana kwenye hoteli. Safari ya basi inakula siku nzima kila upande, na mtafika mkiwa hamsemeshani.

Tarehe ndiyo inayoamua kama mtasikia muziki au la. Angalieni kalenda ya Ramadhani kabla ya jambo lolote. Mwezi huo maonyesho husimama, mikahawa mingi hufungwa mchana, na huo ni wakati wa ibada wa wenyeji ambao hauhitaji mtalii anayetafuta taarabu. Machi hadi Mei ni masika, mvua haina mchezo. Tamasha la muziki la Sauti za Busara hufanyika Februari, Ngome Kongwe, tangu 2004: hapo mtapata muziki wa Afrika nzima usiku kucha, ila vyumba hujaa miezi kabla na bei hupanda. Kama ni mara yenu ya kwanza na mnataka mji uwape nafasi ya kuzungumza, chagueni Juni. Kama mshabiki wa nyumbani kwenu hawezi kuishi bila jukwaa kubwa, wekeni chumba cha Februari sasa hivi, na mwambie asiyekuwa mshabiki achague siku ya kwenda Fumba.