Kabla hujawaahidi wanakijiji ajira

Juzi nilimsikia bwanamiti mgeni, buti bado zinang'aa, akiwaambia wanakijiji kwamba shamba la miti likianza "kila kaya itapata kazi". Nilitamani kumvuta shati. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi. Basi sikilizeni, wadogo zangu.

1. Kitalu kipya cha paini changanyieni udongo wa chini ya paini zilizokomaa; una kuvu wanaosaidia mizizi kula. Miche ikigeuka njano msikimbilie mbolea.

2. Vueni viriba kabla ya kupanda. Naona haya kuliandika hili, lakini wiki hii nimeng'oa miche mitatu ikiwa na nailoni yake. Nyapara ananiambia, "Mkuu, tulikuwa tunawahi mvua."

3. Ajira. Kwenye mkutano wangu wa kwanza, mzee mmoja aliuliza kazi zitadumu hadi lini. Kichwani nilikuwa na hesabu ya mwaka wa kwanza tu: kufyeka, kupiga pegi, kuchimba mashimo, miche 1,111 kwa hekta kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kisha palizi. Vibarua tele! Nikamjibu, "Mzee, hadi wajukuu." Makofi yakapigwa, wakaridhia sehemu ya malisho iingie shambani.

Miaka mitatu nilikuwa shujaa. Wa nne matawi yakakutana, kivuli kikaua magugu, na palizi ikaishia hapo. Kwenye daftari la mahudhurio wakabaki walinzi na wapogoaji wachache. Kupunguzia miti iliyosongamana bado, na kuvuna ndiyo kabisa, maana paini ya mbao huchukua miaka karibu 20. Ng'ombe hawana malisho, vijana hawana kibarua, mimi nina gari.

Kiangazi kile moto ukaingia. Nilipita kijijini nikipiga honi, nikiomba watu waje na matawi mabichi. Walikuwa wamekaa vibarazani, wananitazama. Yule mzee akanijibu, tena kwa upole, na ndio uliniuma zaidi: "Waite wajukuu, mwanangu." Tulipambana watu saba usiku kucha. Kilichouzima ni mto, si sisi.

Andikeni siku-kazi, yaani siku za kibarua, za kila mwaka mpaka mavuno, na ile miaka isiyo na kazi itajeni kwa sauti.

4. Mvua za kwanza mahudhurio yatashuka, nao wana mashamba yao. Lipeni kwa kipande, mtu amalize mapema aende zake.

5. Mkutano ukiupanga saa ambayo wanawake wako kisimani, hutajua chemchemi ilipo. Niliwahi kupanda mikaratusi juu ya chemchemi, ila aibu hiyo niachieni ya siku nyingine.

6. Mkaguzi wa cheti cha FSC, kile cha misitu inayosimamiwa vizuri, atawauliza wanakijiji, nanyi hamtakuwepo kuwasahihisha.

Na wewe mwenye buti: nimeomba mkutano urudiwe Alhamisi. Utasimama wewe, daftari la siku-kazi nitakushikia mimi.