Nusu ya Njia Iko Ngazi ya 92

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilitutaka tuchague mchezo mmoja wa mtandaoni wa ulimwengu wa kubuni, tupime uzuri na udhaifu wake, kisha tuseme kama tungemruhusu kijana wa nyumbani aucheze. Nimechagua Old School RuneScape, ambao nimeucheza kwenye simu kwa miaka mitano, na ambao mpwa wangu mwenye umri wa miaka 15 ameanza kuucheza mwaka huu kwa idhini yangu.

RuneScape ulianza mwaka 2001 kwa juhudi za Andrew Gower na ndugu yake Paul, na kampuni waliyoshiriki kuianzisha, Jagex, ina makao yake Cambridge, Uingereza. Mchezo ulibadilishwa mara nyingi kwa namna iliyowachukiza wachezaji wa zamani, mpaka mwaka 2013 kampuni ilipoitisha kura na, baada ya kura zaidi ya 400,000 kupigwa, ikafufua toleo la Agosti 2007 kwa jina la Old School RuneScape. Tangu hapo jambo kubwa jipya haliingizwi kabla wachezaji wanaolipia uanachama hawajaulizwa. Mwanzoni ilihitajika asilimia 75 ya kura, na sasa ni 70. Ujuzi wa ubaharia, kwa mfano, ulikosa kura za kutosha mwaka 2015, ukarudishwa mbele ya wachezaji mwaka 2023 na kukubaliwa, nao ukaingia mchezoni mwaka 2025. Mimi nauheshimu sana utaratibu huu, kwa sababu ni nadra mteja kuulizwa kabla bidhaa aliyoizoea haijageuzwa.

Uzuri wa pili nauona kila ninapomtazama mpwa wangu. Kazi yake ya kwanza mchezoni ilikuwa kumsaidia mpishi wa kasri la Lumbridge, aliyehitaji yai, maziwa na unga. Unga haununuliwi hivi hivi: alivuna ngano, akapanda ngazi za kinu cha upepo hadi juu, akaimimina, akavuta mtambo, kisha akateremka chini na chungu chake kuuchota. Alisahau chungu, ikambidi arudi alikotoka. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, naye aliyasoma polepole na kamusi pembeni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa hiari yake. Aidha, mchezo huu hupokea vitendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao unaposuasua kidogo, kama ilivyo kawaida huku kwetu jioni, bado mtu anaweza kucheza vizuri.

Sasa nije kwenye udhaifu, na hapa sitaki kupunguza maneno. Ujuzi mmoja, kama uvuvi au ukataji wa miti, hufika kilele katika ngazi ya 99, kwa pointi 13,034,431. Anayefika ngazi ya 92 hudhani amekaribia, kumbe ndiyo kwanza amevuka nusu ya pointi hizo. Nimekata miti ya kubuni hadi saa saba usiku, huku kesho yake nina kazi, kwa kuwa kila gogo lilinionyesha namba ikipanda. Uvumilivu uleule ninaousifu katika kinu cha unga ndio unaomnasa mtu, na mchezo wenyewe haumwambii kwamba sasa inatosha. Siamini kwamba kijana anaweza kujiwekea mpaka peke yake mahali ambapo mtu mzima ameshindwa.

Kuna pia fedha. Tangu mwaka 2015 mchezaji anaweza kununua hati ya uanachama kwa fedha halisi na kuiuza ndani ya mchezo kwa sarafu za mchezo. Kampuni ilitaka kuwapunguzia soko wauzaji haramu wa sarafu, na sababu hiyo naielewa, lakini matokeo yake ni kwamba mwenye fedha anapata kwa dakika moja utajiri ambao mwenzake ameuchimba miezi mitatu.

Matapeli nao hawakosi. Mwezi wa pili wa kucheza, mpwa wangu alikutana sokoni na mtu aliyeahidi kumrudishia sarafu zake mara mbili. Alimpa 1,000, akarudishiwa 2,000. Akampa akiba yake yote, na yule mtu akatoweka. Alilia kwelikweli. Usiku ule tulikaa naye, nikamfungulia ujumbe wa wale wanaosema "tuma kwenye namba hii", tukalinganisha maneno kwa maneno.

Basi jibu langu ni kwamba nimemruhusu, kwa saa moja kwa siku, baada ya kazi za shule, sebuleni na si chumbani, na bila kulipia uanachama kwanza. Yuko ngazi ya 41 katika uvuvi. Tumekubaliana kwamba akifika 92 katika ujuzi wowote, kabla hajaianza nusu ya pili, tutakaa chini tuzungumze upya.