Wito Uliokuja na Mbalamwezi

Juzi kijana mmoja alinisimamisha nje ya kanisa hapa Gungu, Kigoma. "Mtumishi, nitajuaje kama nimeitwa kweli?" Nikamuuliza anafanya kazi gani, na siku zipi anakuwa hana kazi. Alidhani namkwepa.

Mwaka 2009 nilikuwa naanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Kwa asiyeijua kazi hii, dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro taa inawavuta, alfajiri mitumbwi inarudi imejaa, na sisi waanikaji hatukai chini mpaka jua lizame. Mbalamwezi ikishika, taa haifui dafu. Mitumbwi inavutwa mchangani na mwalo mzima unalala.

Basi akaja mhubiri mgeni kwenye semina, akaninyooshea kidole mbele za watu: "Namwona mchungaji hapa." Nililia. Kesho yake nilikuwa soko la Mwanga nachambua makoti ya mtumba ya kuhubiria. (Nililopata lilikuwa na mikono mirefu kuliko yangu. Ninalo mpaka leo.) Haikupita wiki, nikabisha hodi kwa mzee wetu wa kanisa, mstaafu wa reli, kuomba barua ya kwenda chuo cha Biblia.

Mzee hakukubali wala hakukataa. Alinipa daftari lenye majina ya wagonjwa na wajane, akasema niwatembelee na niandike tarehe. Baada ya miezi minne nilimrudishia, kifua mbele. Alipitisha kidole kwenye tarehe moja moja, kisha akanitazama kwa juu ya miwani.

"Mwanangu, mbona wito wako unatoka na mwezi?"

Tarehe zote zilikuwa za mbalamwezi. Siku za giza, siku za pesa, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Nilimkasirikia, nisifiche. Nikamtupia unabii wa yule mhubiri. Akanifungulia Matendo 13. Roho alipoagiza Barnaba na Sauli watengwe, aliliambia kanisa la Antiokia, na wakati huo wote wawili walikuwa tayari wanatumika palepale. Hata Samweli, aliyeitwa kwa jina lake, alimkimbilia Eli mara tatu kabla mzee huyo hajang'amua anayeita ni nani. Sisemi unabii ni uongo. Nasema usiuze vichanja vyako vya kuanikia dagaa kwa sababu ya kidole cha mtu anayeondoka kesho na treni.

Halafu mzee wetu akaniuliza nadaiwa na nani. Swali hili vijana hawalipendi, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Paulo anamwambia Timotheo kwamba msimamizi lazima ashuhudiwe vema na watu wa nje. Mimi watu wangu wa nje walikuwa pale mwaloni, na mmoja wao alikuwa mama wa chapati niliyekuwa nazunguka nyuma ya mitumbwi ili asinione. Nilikwenda kumlipa. Alihesabu, akahesabu tena, akasema, "Umeokoka lini?" Nilikuwa naimba kwaya mwaka wa sita.

Nikachukua daftari tena, safari hii bila koti. Mwaka wa pili, katikati ya siku za giza, nikiwa nimemwaga dagaa wa mtaji wote kichanjani, nikaitwa kwa bibi mmoja aliyekuwa anakata roho. Nilikaa naye mpaka jioni. Mvua ilinyesha, na dagaa wakinyeshewa wanabaki harufu tu. Nilikumbuka kwamba nilikuwa nimeanika nilipofika nyumbani, mke wangu alipouliza mbona nanuka dawa ya kuchua na sinuki samaki. Yeye ndiye aliyekwenda kumwambia mzee. Mimi hasara ile ilinitia aibu, sikuiona kama ishara ya chochote.

Barua ya chuo ilikuja mwaka uliofuata, nami sikuwa nimeiomba tena. Na kama hujamuuliza mwenzi wako, usiniulize mimi. Mshahara wa mwinjilisti mnausikia. Anayeupigia hesabu ya unga ni yeye.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi 3, kuanzia Mei 15. Kabla Juni haijaisha, vijana watatu wa mwaloni walikuwa sebuleni kwangu, wote wakisema wameitwa. Sikuwacheka, maana nilijiona. Niliwaambia, "Ngojeni ziwa lifunguliwe, kisha ngojeni giza liingie. Tutaongea."

Agosti likafunguliwa, lakini mwezi ulikuwa mkubwa. Giza la kwanza la maana lilikuja mwanzoni mwa Septemba. Wawili sikuwaona, nao ni wavuvi wazuri, sina neno nao. Wa tatu alikuja Jumatano mchana, macho mekundu kwa kukesha, magamba yameganda mikononi. Hakutaja wito. Aliuliza ufunguo wa kanisa uko wapi, afagie kabla watu hawajaingia.